Kabla ya Kusema ni Uzee au ni Shetani, Fungua Mfuko wa Dawa

Mzee aliyekuwa na akili zake timamu wiki iliyopita, leo anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekwisha fariki. Hataki chakula, anatapika kidogo kidogo, usiku anaweweseka, na anadai taa ya barazani imegeuka rangi ya manjano. Nyumbani maelezo hayachelewi kupatikana. Mmoja atasema ni uzee, wa pili atasema kiharusi, wa tatu atanong'ona kwamba mzee amepandwa na shetani. Dawa ya moyo anayoimeza kila asubuhi hukumbukwa mwisho, na pengine haikumbukwi kabisa, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba dawa ya moyo ikileta madhara, madhara hayo yataonekana moyoni.

Hailazimu iwe hivyo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni ya mwili mzima, tena hauna akiba. Damu ikikatika kabisa mtu huzirai ndani ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika 4 au 5 chembe za ubongo huanza kufa. Dawa yoyote inayopunguza nguvu ya moyo au kushusha presha kupita kiasi itadhihirika kichwani. Na hiyo ni njia moja tu. Zipo dawa za moyo zinazoingia zenyewe ndani ya ubongo na kuuvuruga, zipo zinazoharibu kiwango cha chumvi au sukari ambacho ubongo unakitegemea, na ipo inayozuia damu kuganda mshipa wa kichwani unapovuja.

Tukisikia dawa "imezidi" tunafikiria mtu aliyemeza vidonge vingi kwa mpigo. Wapo, na habari yao inakuja. Lakini wengi zaidi wamo katika makundi mawili yasiyo na kelele. La kwanza ni aliyemeza mara mbili bila kujua. La pili ni aliyemeza dozi yake ileile ya kila siku, bila kuongeza hata robo, ila figo zake zimechoka au ameongezewa dawa nyingine, na ile dozi ya zamani sasa ni kubwa kwake. Huyu wa mwisho ndiye anayenitia huruma zaidi, maana ametii kila alichoambiwa.

Dijoksini, kidonge kidogo chenye nafasi finyu

Nikiambiwa nichague dawa moja ya kuitolea macho ndani ya mfuko wa mzee, nitachagua dijoksini, ambayo kwenye baadhi ya pakiti huandikwa Lanoxin. Hutolewa kwa moyo uliochoka na kwa mapigo yanayokwenda ovyo. Kidonge kinachopatikana sana ni cha miligramu 0.25, na kipo cha nusu yake, 0.125. Kwa mgonjwa wa moyo uliochoka, kiwango kinachotakiwa katika damu ni nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita. Kikipita 2, sumu inatarajiwa. Basi baina ya dawa na sumu hakuna hata nafasi ya kugeuka, na mtu aliyeandikiwa nusu kidonge akameza kizima amekwisha jipa maradufu.

Dawa hii hufanya kazi kwa kuzuia pampu ndogo iliyomo kwenye ukuta wa kila chembe, pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Moyoni, kuizuia kidogo kunaongeza nguvu ya pigo. Ila pampu hiyohiyo imo kwenye mishipa ya fahamu, kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu, na kwenye chembe za jicho zinazotambua rangi. Dijoksini ikizidi, zote hizo zinapata pigo. Hamu ya kula inakufa, kichefuchefu kinaanza, kisha uchovu mzito, kuchanganyikiwa, ndoto mbaya, maruweruwe, na macho kuona manjano au kijani, au duara la mwanga kuizunguka taa. Daktari Mwingereza William Withering aliyeandika juu ya mmea ulio asili ya dawa za jamii hii mwaka 1785 alikwisha taja kuona manjano na kijani. Ni dalili kongwe, na bado watu wanaicheka mzee anapoisema.

Kwa wazee, kuchanganyikiwa kunaweza kutangulia moyo kuonyesha chochote. Hapo ndipo familia inapokosea njia. Kutapika kunachukuliwa kuwa ni tumbo, kukosa hamu kunachukuliwa kuwa ni homa, na mzee anaongezewa dawa nyingine juu ya sumu. Baadhi ya dawa hizo za kuongezewa, kama klarithromisini ya bakteria na kwinini ya malaria, hupandisha dijoksini katika damu. Verapamili na amiodaroni, ambazo nazo ni za moyo, hufanya hivyohivyo. Daktari anayeziongeza hupunguza dozi ya dijoksini, lakini lazima awe anajua kwamba mgonjwa anaitumia.

Halafu kuna Lasix. Wagonjwa wengi wa dijoksini hupewa pia Lasix, yaani furosemaidi, ya kukojolesha maji yaliyojaa miguuni na mapafuni. Lasix hutoa potasiamu pamoja na mkojo, na potasiamu ikipungua dijoksini hushika pampu kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sumu ya dijoksini hali kipimo cha dawa katika damu kinaonekana cha kawaida. Wakati wa masika, maradhi ya kuharisha yanapopita mitaani, mgonjwa wa namna hii yumo hatarini kwa sababu mbili: kuharisha kunamtoa potasiamu, na kukauka maji kunafanya figo zishindwe kuitoa dijoksini. Akiharisha au kutapika zaidi ya siku moja, apimwe figo na chumvi za damu, na asiendelee kumeza dijoksini na Lasix mpaka daktari amwone.

Figo zikiwa nzima, nusu ya dijoksini hutoka mwilini kwa saa 36 hadi 48. Figo zikiwa zimekufa, nusu hiyo huchukua siku 4 hadi 5. Hapa pana jambo la kuwaambia ndugu mapema: baada ya dawa kusimamishwa, mzee anaweza kuendelea kuweweseka kwa siku kadhaa. Hiyo haina maana kwamba hospitali imeshindwa na sasa arudishwe nyumbani akatafutiwe mganga.

Mazoea mazuri ya kujenga ni kuhesabu mapigo kila asubuhi kabla ya kumeza. Vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, chini ya dole gumba, kwa dakika nzima bila kukata. Sekunde 15 ukazidisha kwa 4 hazitoshi kwa moyo unaoruka mapigo. Yakiwa chini ya 60, dozi hiyo isimezwe kwanza na daktari aulizwe. Yakiwa chini ya 50 na mtu ana kizunguzungu au amechanganyikiwa, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Na kuna ratiba ya kumeza siku 5 na kupumzika 2, ambayo hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa ili dozi ya wiki ipungue. Mimi siipendi kwa mzee anayejihudumia mwenyewe. Akisahau ni siku gani, hana njia ya kujua. Kama daktari ameiandika, siku za kumeza zitiwe alama kwenye kalenda ya ukutani, na mtu mmoja wa nyumbani awe ndiye anayezikata.

Kwa wenye watoto: oleanda, mti wa mapambo wenye maua ya waridi, meupe au manjano, una sumu ya ukoo mmoja na dijoksini, katika majani na katika mbegu. Mtoto aliyetafuna apelekwe hospitali kama aliyemeza vidonge.

Propranololi na dawa zinazopenya mpaka ubongoni

Propranololi, ambayo wengine huijua kwa jina la Inderal, huandikwa kwa mapigo ya kasi, kwa presha, kwa tezi la shingo, hata kwa kipandauso na mikono kutetemeka. Kwa hiyo imo kwenye nyumba nyingi, pamoja na nyumba ambazo hazina mgonjwa wa moyo. Inayeyuka kwenye mafuta, na kizuizi kinacholinda ubongo dhidi ya vitu vilivyomo kwenye damu kimejengwa kwa mafuta, kwa hivyo inapita. Atenololi, ndugu yake, inayeyuka kwenye maji na hupita kwa shida. Hiyo ndiyo tofauti baina ya vidonge viwili ambavyo kwa macho vinaonekana ni vilevile.

Katika dozi ya kawaida, kupenya huko huonekana kama ndoto za ajabu na uchovu. Ikizidi sana, propranololi hufunga njia za sodiamu kwenye mishipa ya fahamu na kwenye moyo, kama ifanyavyo ganzi ya daktari wa meno. Mtu anaweza kupata kifafa ghafla, akapoteza fahamu, na moyo ukawa unapiga taratibu na kwa udhaifu. Dalili huja mapema, aghalabu ndani ya saa 2, na karibu zote huwa zimeonekana ndani ya saa 6 kwa vidonge visivyo vya kuyeyuka polepole. Kwa hiyo aliyemeza vingi na bado anazungumza vizuri apelekwe wakati huohuo anaozungumza. Kusubiri "tuone kwanza" ndiko kunakofanya kifafa kimkute njiani.

Jambo la pili la propranololi ni sukari. Dawa hii inaweza kuishusha, hasa kwa watoto na kwa mtu aliyekaa na njaa, na wakati huohuo inazima kengele za mwili: moyo hauendi mbio, mikono haitetemeki. Jasho hubaki, basi. Mtoto aliyelegea na kupata degedege baada ya kuokota kidonge cha bibi huenda ubongo wake umekosa sukari tu. Kipimo cha kidole huchukua dakika moja, na dripu ya sukari inaweza kumrudisha palepale. Kila mtu anayeletwa amezubaa, awe wa dawa za moyo au la, apimwe sukari kabla ya maelezo marefu.

Presha iliyoshuka mno

Amlodipini na nifedipini haziuvurugi ubongo zenyewe. Zinalegeza mishipa, presha inaanguka, na ubongo unakosa damu. Mtu aliyezidisha amlodipini mara nyingi huwa macho na anajibu maswali hali presha yake iko chini vibaya, na hilo huwapumbaza watu. Amlodipini haina haraka: nguvu yake hufika kileleni saa 6 hadi 12 baada ya kumezwa, na nusu yake hukaa mwilini saa 30 hadi 50. Aliyemeza vingi saa 2 usiku anaweza kulala vizuri na kuanguka alfajiri akielekea kutia udhu. Anatakiwa aangaliwe hospitali saa 24, hata akisema hajambo.

Ila madhara ya kawaida zaidi yanatokana na haraka ya watu wazima wenye nia njema. Presha ya mtu inapimwa, inatoka 210 kwa 120, kila mtu anashtuka, anapewa nifedipini aitafune au aiweke chini ya ulimi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 madaktari wameonywa waziwazi waache jambo hili, kwa sababu lilisababisha kiharusi na mshtuko wa moyo. Ubongo wa mtu aliyeishi na presha ya 190 kwa miaka umejirekebisha kufanya kazi kwa presha hiyo. Ukiishusha ghafla mpaka 110, namba inayompendeza kijana, damu haifiki kwenye maeneo ya mpakani baina ya mshipa mkubwa mmoja na mwingine. Ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa, maji yakipungua nguvu ndiyo ya kwanza kukauka. Hata penye dharura ya kweli, hospitali hulenga kutoishusha presha ya wastani zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Na aliyekwisha pata kiharusi cha mshipa kuziba, asiyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, presha yake mara nyingi huachwa bila kuguswa siku ya kwanza isipopita 220 kwa 120, kwa kuwa ndiyo inayosukuma damu iliyobaki. Kwa hivyo tafadhali, msitafunishe mtu kidonge cha presha nyumbani.

Lasix na haidroklorothaiazidi zina njia yao: zinakausha maji na kupunguza sodiamu. Sodiamu ya kawaida ni 135 hadi 145. Chini ya 125 mtu huanza kuyumba, kusahau na kusinzia, na chini ya 120 kifafa na kupoteza fahamu vinawezekana. Wanaopatwa zaidi ni akina mama wakongwe, wembamba, wanaomeza haidroklorothaiazidi. Hospitalini sodiamu hurudishwa taratibu, si zaidi ya 8 hadi 10 kwa saa 24, maana kuiharakisha kunaweza kuuharibu ubongo usipone tena. Methildopa ya akina mama wajawazito ikizidi hulaza mtu na kushusha mapigo. Hapo hapana mengi ya kuongeza.

Wafarini, damu inapovuja kichwani

Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, wanaitumia waliobadilishiwa vali za moyo, wengine wakiwa vijana walioharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na wenye mapigo ya ovyo. Kipimo chake huitwa INR, nacho huonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa wengi lengo ni 2 hadi 3, na kwa baadhi ya vali za chuma hupanda mpaka 3.5. Ikipita 5, hatari ya kutoka damu hukua haraka, na pabaya kuliko pote pa kutoka damu ni ndani ya fuvu, mahali pasipo na nafasi ya kutanukia.

Wafarini haina dalili siku ya kwanza. Aliyemeza vidonge vya ziada leo anaweza kuwa mzima kabisa, na INR yake ikapanda siku ya 2 au ya 3. Kipimo cha leo kikiwa kizuri hakimalizi habari. Lazima kirudiwe baada ya saa 48.

Na mara nyingi mtu hakuzidisha kidonge hata kimoja. Alipewa Flagyl ya tumbo, au septrini, au flukonazoli ya fangasi, na hizo huzuia ini lisiivunje wafarini. Au aliacha mboga. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, ambayo hupingana na wafarini. Mgonjwa aliyekuwa akivila kila siku, kisha akaambiwa na jirani aviache, INR yake hupanda. Ushauri sahihi ni kula mboga kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, na kila dawa mpya ikianza, INR ipimwe tena ndani ya siku 3 hadi 5.

Maumivu ya kichwa kwa mtu wa wafarini ni jambo la hospitali, hasa yakija na kutapika, kusinzia, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea. Kinachoniumiza ni kwamba maumivu haya hupelekwa duka la dawa, na mgonjwa anarudi na Diclopa au ibuprofeni, ambazo zinazidi kuichelewesha damu kuganda na kuchubua tumbo. Kwa maumivu madogo parasetamoli ndiyo salama zaidi, nayo isiwe gramu 2 au zaidi kila siku kwa siku nyingi, maana hupandisha INR. Mzee wa wafarini aliyeteleza chooni akagonga kichwa apelekwe hata kama hana jeraha. Damu ya chini ya utando wa ubongo inaweza kujikusanya wiki nzima au zaidi kabla hajaanza kuchanganyikiwa.

Futari, pindo la kanga na bahasha ya "1x2"

Ramadhani dozi hubadilika saa. Mgonjwa wa vidonge mara mbili kwa siku hupanga kimoja futari na kimoja daku, na hilo kwa dawa nyingi linawezekana. Makosa huingia pale dozi ya mchana inapounganishwa na ya futari "ili isipotee", au mtu anapopitiwa na daku akameza viwili usiku unaofuata. Tumbo ni tupu, mwili umekauka tangu alfajiri, kisha dawa mbili au tatu za presha zinashuka pamoja. Anasimama kwa ajili ya tarawehe na kuanguka. Dozi iliyokosekana haiunganishwi na inayofuata. Wiki 3 au 4 kabla ya mwandamo, mgonjwa apeleke dawa zake zote kwa daktari zipangwe upya. Lasix ya daku inaumiza sana, kwa sababu anakojoa asubuhi yote bila kurudisha maji. Anayetumia dijoksini pamoja na Lasix, au mwenye figo mbovu, daktari akimwambia asifunge, amtii, na masheikh wetu wanalijua hilo na ruhusa yake.

Bahasha za dawa nazo zina fumbo. "1x2" maana yake kidonge 1 mara 2 kwa siku, lakini husomeka kirahisi kama vidonge 2 kwa mara moja. Dawa moja hutembea kwa majina mawili: amlodipini iliyotoka hospitali na Norvasc iliyoletwa na mtoto anayefanya kazi Maskati ni kitu kilekile, na mzee anameza zote mbili akidhani anajitibu vizuri zaidi. Vipo pia vidonge vya mchanganyiko, losatani na haidroklorothaiazidi ndani ya kidonge kimoja, ambavyo mtu huvimeza juu ya ile haidroklorothaiazidi yake ya pekee. Ukimtembelea bibi usimuulize kama anameza dawa vizuri, maana jibu lake ni ndiyo. Mwambie, "Bibi, nionyeshe ulivyomeza jana," kisha tulia uangalie mikono yake.

Vidonge vilivyofungwa kwenye pindo la kanga au kutiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi havina jina, havina uzito, na mtoto anavifikia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, hata kidonge kimoja cha propranololi, nifedipini au verapamili ni cha kukimbizwa hospitali.

Ikitokea

Kwanza angalia kama anapumua na anajibu. Hapumui: mlaze chali pagumu, bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Anapumua lakini hajitambui: mlaze ubavu, mdomo ukiangalia chini kidogo. Ana kifafa: ondoa vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, angalia saa. Anajitambua lakini amelegea na ana kizunguzungu: alale, miguu iinuliwe juu ya mto, asitembezwe.

Usimtapishe, wala usimtie kidole kooni. Aliyemeza propranololi anaweza kupata kifafa katikati ya kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Maziwa hayaondoi dawa hizi. Dafu, ambalo mkono wetu hulikimbilia kila tukisikia sumu, lina potasiamu nyingi. Na aliyemeza dijoksini nyingi kwa mpigo, potasiamu yake katika damu hupanda, kwa hiyo dafu linaweza kumzidishia. Aliyezidisha spironolaktoni au enalaprili, dawa nyingine za moyo na presha, vilevile. Mkaa wa jikoni si mkaa wa dawa. Kama familia inataka kumsomea, asomewe, lakini kombe lisubiri: mtu aliyesinzia akinyweshwa chochote, maji yataingia njia ya hewa.

Huku mwingine akitafuta gari, mmoja akusanye dawa zote za nyumba, za mgonjwa na za wengine, na maganda matupu kutoka kwenye pipa la taka. Hesabu. Kama alipewa vidonge 30 siku 12 zilizopita, kimoja kwa siku, vinatakiwa vibaki 18. Vikiwa 9, kuna 9 visivyo na maelezo. Andika kwenye karatasi jina la dawa, miligramu, idadi, saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, dawa mpya za wiki 2 zilizopita, na kama ana figo mbovu. Karatasi hiyo inaokoa muda kuliko hadithi ya watu wanne wanaozungumza pamoja.

Kwa aliyeko Pemba, nenda hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake, Micheweni au Abdulla Mzee pale Mkoani. Usimpeleke bandarini moja kwa moja kwa nia ya kuvuka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja au Dar es Salaam. Mapigo yakishuka katikati ya bahari hakuna wa kumtia dripu. Kwanza atulizwe, kisha rufaa ipangwe na hospitali.

Kama alimeza kwa makusudi, sema hivyo kwa daktari, kwa sauti ya chini ukitaka, lakini sema. Matibabu hubadilika, kwa sababu mtu huyo huenda amechanganya dawa kadhaa na huenda akaficha idadi. Asiachwe peke yake hata chooni, na asikemewe. Maumivu yaliyomfikisha hapo yanahitaji daktari wa afya ya akili kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Hospitalini mtaona mambo yanayoweza kuwashangaza. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, itarudiwa tena na tena, kwa sababu moyo hubadilika kadiri dawa inavyofyonzwa. Mkaa wa dawa, kama gramu 50 kwa mtu mzima, hutolewa ikiwa hajapitisha saa 1 hivi tangu ameze, na yu macho. Kwa dijoksini, damu ya kupima kiwango inafaa itolewe saa 6 au zaidi baada ya kumeza. Ikitolewa kabla ya hapo, namba hutoka kubwa na kupotosha. Dawa yake halisi ni kingamwili zinazoinasa dijoksini, ghali na adimu, na pasipokuwa nayo hutumika atropini na kurekebisha chumvi za damu kwa uangalifu. Kwa propranololi, kifafa hutulizwa kwa diazepamu, na ECG ikionyesha mawimbi yaliyotanuka hutolewa sodiamu baikaboneti. Aliyezidisha propranololi au amlodipini anaweza kupewa insulini kwa dozi kubwa, uniti 1 kwa kila kilo ya mwili kisha kiasi hicho kila saa, pamoja na sukari ya dripu. Msiikatae mkidhani wamemchanganya na mgonjwa wa kisukari: insulini husaidia moyo uliolegea kutumia sukari na kupata nguvu ya kupiga. Kwa wafarini, damu ikishatoka kichwani, hutolewa vitamini K kwenye mshipa pamoja na plazima au viambato vya kugandisha damu, kwa sababu kazi ya vitamini K peke yake huchukua saa kadhaa kuonekana.

Siku ya kuruhusiwa, ulizeni dawa moja moja: ipi imesimamishwa kabisa, ipi inarudi, kwa dozi gani, kuanzia tarehe ipi. Propranololi na atenololi zisiachwe jumla kwa woga, kwani kukatishwa ghafla huweza kuleta mapigo ya kasi na maumivu ya kifua. Figo na potasiamu zipimwe tena ndani ya wiki 1 au 2. Na vile vidonge vya zamani, vya pindo la kanga na vya Maskati, vyote virudishwe duka la dawa la hospitali kabla ya mgonjwa kuvuka kizingiti cha nyumba.